Usukani wa Mzee Gia

Viatu vya mumewe vilimpwaya, lakini mshonaji alivivaa hivyo hivyo, akaketi mbele ya usukani ambao miaka yote alikuwa akiuita ugonjwa.

“Sijaamua bado,” alisema. “Nakaa tu.”

“Kaa, shemeji,” alijibu mdogo wa marehemu, akiwasha kompyuta. “Kukaa si kuendesha.”

Gari lilipinduka mwezi uliopita, baba na binti yake wakiwa ndani. Baba walimzika. Binti alilazwa katika hospitali ya mji wa mbali, miguu yote miwili kwenye plasta, shangazi yake akimuuguza. Hakuambiwa. Daktari alisema asipewe mshtuko, na waliomwokoa walisema walimkuta hana fahamu, basi ukoo ukakaa kikao, ukakubaliana: baba yuko nyumbani, taya limevunjika, limefungwa waya, hawezi kusema. Mama naye akakatazwa kwenda kumwona mwanawe. Uso wake, walisema, haujui kudanganya.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Juu ya wanaoficha kilio chenyewe hawakusema kitu.

Kila jioni simu ililia.

“Mama, Baba amekula?”

“Amekunywa uji, mwanangu.”

“Na wewe?”

“Nimekula.”

“Mbona siku hizi sisikii cherehani?”

“Imeharibika.”

Cherehani ilikuwa nzima. Aliyeharibika ni yeye. Tangu mazishi hakuwa ametunga uzi kwenye sindano. Vitambaa vya wateja vilirundikana mezani, naye alishinda kitandani amegeukia ukuta. Chakula walichomletea majirani kiliondoka kama kilivyokuja.

Juzi ndipo binti aliposema, “Mwambie Baba, taya si mkono. Ijumaa nataka mbio zetu. Nimeletewa kompyuta hapa hapa kitandani.”

Mbio hizo baba na binti walizicheza mtandaoni tangu binti ahamie mjini kikazi, kila mmoja akiwa kwake. Haukuwa mchezo wa kitoto. Barabara ikilowa, gari liliteleza, tairi zilikwisha, ukigonga ukuta, usukani ulikutikisa mpaka mabegani. Humo baba aliitwa Mzee Gia. Binti alijiita Sindano, maana alikulia chini ya meza ya cherehani.

Mzee Gia asipotokea, binti angeuliza. Akitokea anayumba kama mlevi, binti angejua. Shemeji alikuwa amejaribu asubuhi ya Ijumaa hiyo, akaliingiza gari mtini kwenye kona ya kwanza, akarudia, akaugonga mti ule ule.

“Mimi nina miguu ya baiskeli,” alisema. “Yako imezeekea kwenye pedali ya cherehani. Jaribu, shemeji.”

“Nimemzika mume. Leo unaniambia niwe yeye?”

Mshonaji aliinamia usukani akalia, akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu makaburini, kwa sababu ngozi ya usukani ilikuwa bado na harufu ya mikono ya mumewe. Shemeji alisimama kando akijifanya anatafuta waya.

Kisha mshonaji alijifuta kwa upindo wa khanga. Maji aliyavulia nguo. Kilichobaki ni kuyaoga. Alivivua vile viatu, akavipanga vizuri pembeni. Maisha yake yote alishona miguu mitupu.

Gari la Sindano, jekundu, lilikuwa linasubiri kwenye mstari. Taa zikabadilika. Mshonaji akakanyaga, gari likaruka, likasugua ukuta. Roho ilimruka.

“Polepole, shemeji!”

Alishusha kisigino, akakanyaga kwa ncha ya kidole, kama atiapo zipu kwenye gauni la harusi. Zipu haikimbizwi: maneno hayo alimwimbia binti yake tangu akiwa mdogo. Gari likatulia. Akapita kona ya kwanza, na mti wa shemeji akauacha salama.

Mbele yake lile gari jekundu lilikwenda taratibu. Kabla ya kila kona liliwasha taa za breki mapema, likahama upande, likaingia. Mshonaji alifuata pale pale lilipopita. Aliposerereka na kutoka barabarani, lilisimama kabisa mpaka aliporudi.

“Hana nguvu mwanangu,” alinong’ona. “Zamani si alikuwa anamwacha baba yake nyuma hata haonekani?”

“Dawa hizo,” alisema shemeji.

Walizunguka tena na tena. Kwenye mteremko mrefu, mshonaji alijikuta amepinda mwili mzima pamoja na kona, ulimi nje, na kicheko kikamponyoka. Alishtuka kukisikia. Kilikuwa chake.

Walivuka mstari wa mwisho wakifuatana. Shemeji alipiga makofi. “Hajagundua! Wallahi, hajagundua!”

Mshonaji aliegemea kiti, jasho likimtiririka. Sasa alihisi mikono yake, mgongo wake, tumbo lake.

“Shemeji,” alisema, “jikoni kuna nini? Nina njaa.”

Shemeji alikwenda mbio, asije akabadili nia. Vyungu vikagongana huko ndani. Kwenye skrini, chini ya jina la Sindano, maandishi yakaanza kutokea, neno baada ya neno.

“Umeendesha vizuri, Mama. Baba alinifia mapajani kabla hawajatufikia. Nilikuwa nangoja tu wewe uinuke kitandani.”