Mama wa Dirishani

Mwanamke alisimama dirishani, na Gibson akaachilia mausi kama aliyeshika kaa la moto.

Mbele yake, kwenye kioo cha kompyuta, kulikuwa na chumba chenye giza. Ilikuwa gemu mpya, mwaka huo wa tisini na sita: nyumba kubwa iliyopigwa picha kwa kamera, na waigizaji wa kweli waliotembea na kusema. Mchezaji alitakiwa kutafuta vitu vilivyofichwa humo, akivipata vyote mlango unafunguka. Gibson alikuwa amebakisha pete tu. Sasa, juu ya pazia jeusi, palikuwa na kivuli cha mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani, shingo yake imeinama kidogo upande wa kushoto.

Akafumba macho. Alipoyafumbua, mwanamke hakuwepo.

"Vipi, pete imekushinda?" Nelvine akauliza kutoka mezani kwake.

"Imenishinda." Jasho lilikuwa limemtoka, na nje ile mvua ya Kericho ya saa tisa ilikuwa ikipiga mabati, baridi tupu.

Chumba kilikuwa cha Nelvine. Alikuwa na kompyuta mbili na taipureta nne, kando ya barabara, akiwafundisha watu kuchapa. Kaka yake aliyeuza diski Nairobi alimletea gemu hiyo na kumwomba amkusanyie maoni ya wachezaji kwenye daftari, ajue kama inafaa kuleta nyingine. Nelvine alikuwa pia mchumba wa Gibson. Harusi yao ilikuwa imetangazwa kanisani mara mbili. Ilibaki mara moja.

Gibson alikuwa karani wa kupima majani chai huko Kiptere, mtu mpole, mgeni kutoka upande wa Transmara. Kanisani walimpenda kwa ajili ya msiba wake. Aliwasimulia jinsi malaria ilivyomchukua mkewe Chemutai na mtoto wao katika wiki moja, na akina mama wakalia. Tangu siku hiyo hakukosa mtu wa kumpelekea maziwa.

Kabla ya kuondoka aliomba daftari la maoni, akalisoma akiwa amesimama.

Kipkorir aliandika: "Gemu ni nzuri lakini huyo mzee anaongea kizungu cha puani, hasikiki." Bosire aliandika: "Wanaficha vitu kwa ujanja. Miwani nimetafuta siku mbili, kumbe mzee ameivaa kichwani." Atuti yeye aliona ni kupoteza wakati, heri drafti. Halafu kulikuwa na mwandiko wa Dorine, mwanafunzi wa kuchapa: "Chumba cha giza kinatisha. Mama wa dirishani anaigiza kuliko wote, lakini mbona hasemi kitu?"

Gibson akashusha pumzi. Kumbe mwigizaji! Akatembea hadi stendi akipiga mluzi kwenye manyunyu.

Kesho yake akamwambia Nelvine, "Huyu mama aliyeandikwa na Dorine, hata mimi nilimwona. Walimtengeneza vizuri."

Nelvine akakunja uso. "Mama gani? Hiyo gemu nimemaliza mara mbili. Ni mzee na msichana wake, basi."

"Si ameandika hapa?"

Nelvine akasoma. Akaja akamshika bega. "Gibson," akasema polepole, "usikasirike. Huyo uliyemwona, alifanana na marehemu?"

Gibson akalichukua daftari, akalifunga.

"Nitamwita pasta atuombee."

"Hapana!" Alisema kwa sauti kubwa hadi mwanafunzi mmoja akaacha kuchapa. "Pasta usimwambie. Usimwambie mtu."

"Basi keti. Tutazame pamoja, tuone."

Hakutaka, lakini angesema nini? Aliketi. Nelvine akavuta kiti karibu. Wanafunzi walipotoka kwenda chai, mvua ikaanza, na chumbani kukawa na giza kama jioni. Gibson akaingia sebuleni mwa ile nyumba, akapanda ngazi, akafungua chumba cha giza.

Walingoja.

Alikuja polepole kutoka pembeni, akasimama. Kitambaa kile kile. Shingo ile ile. Kisha akainua mkono juu ya macho, kama mtu anayetafuta mtu.

Nelvine akamkamata Gibson mkono kwa kucha. "Yesu wangu," akanong'ona. "Namwona."

Hapo stima ikapotea. Picha ikanywea, ikawa kitone, kitone kikazimika. Nyumba ilitoweka, pazia likatoweka.

Mwanamke alibaki.

Alibaki pale pale kwenye kioo cheusi, akiwachungulia. Nelvine ndiye aliyepata nguvu ya kugeuka. Akatazama nyuma, halafu akaangua kicheko hadi machozi yakamtoka.

"Weh! Geuka uone! Ni dirisha letu linaonekana kwa kioo. Ni mtu amejikinga mvua hapo nje, na mtoto mgongoni!" Akainuka kwenda mlangoni.

Gibson hakucheka wala hakugeuka. "Nelvine, usifungue."

"Wacha woga, bwana."

"Nakuomba. Usifungue."

Lakini mlango ulishafunguliwa. "Ingia mama, mtoto atanyeshewa."

Mwanamke akapangusa miguu kwenye gunia, akaingia. "Asante, dada. Wiki hii yote nimekuja nikaogopa kubisha, nilitaka kwanza nihakikishe ni yeye." Akamshusha msichana mgongoni, akamsukuma taratibu hadi kwenye kiti cha Gibson.

"Haya, Chebet. Msalimie baba yako."