Jiwe la Mama Mkwe

Mama Goodness na mumewe walikuwa wamekubaliana: siku maji ya Ziwa Rukwa yatakapoligusa jiwe la kusagia la marehemu mama mkwe, pale mwisho wa uwanja wao upande wa ziwa, watahama Ivuna na kupanda kwenda Ndalambo, huko juu mlimani. Mume alishikilia kwamba ziwa litarudi nyuma. Huwa linarudi.

Asubuhi hiyo Mama Goodness alishuka na ndoo. Choo cha jirani kilikuwa kimeshazama, nusu ya uwanja wao pia. Jiwe lilikuwa kavu.

Akainama, akaliinua upande mmoja. Chini yake palikuwa na majani mabichi, ya kijani kabisa, yamelazwa tu. Hapakuwa na nyungunyungu hata mmoja. Jiwe lililokaa mahali pamoja miaka yote hiyo haliachi majani hai chini yake.

"Mama Goodness! Limeguswa?" mumewe aliita kutoka mlangoni.

"Bado, Baba Goodness."

Akaweka ndoo chini, akakaza kanga kiunoni, akalisukuma jiwe kwa mikono miwili. Likaserereka mteremkoni, likatumbukia majini, chubwi!

"Njoo ulione," akaita. "Sasa limeguswa."