Laini Mpya ya Badria

Saa nane na dakika kumi mchana, namba ngeni ilikuwa kwenye kioo cha simu ya Ibtisam. Kaka yake, Mahfoudh, aliisoma mara tatu.

"Ndiyo namba mpya ya wifi," Ibtisam alisema. "Kanipigia sasa hivi. Anasema umpigie."

"Hii ya mtandao mwengine."

"Na iwe."

"Simu ya Badria haikubali laini ya mtandao mwengine. Nimeinunua mwenyewe. Imefungwa."

"Basi imefunguliwa. Mpigie, kaka."

Mahfoudh alikuwa mpima ardhi. Hakupigilia kigingi mahala asipopahakikisha. Simu ile alimnunulia mkewe kwa sababu hiyo hiyo ya kufungwa. Laini aliisajili kwa jina lake mwenyewe, na kila mwisho wa mwezi alitaka kujua nani kampigia nani. Wivu huo ndio uliomtoa talaka moja mdomoni, Badria akiwa na mimba ya miezi mitano, kwa ajili ya namba aliyoikuta mara nne. Baadaye ilithibitika kuwa ni ya fundi cherehani, tena mwanamke.

Badria alirudi kwao Jambiani. Kutoka huko alituma maneno machache tu: "Mlango u wazi mpaka nijifungue. Baada ya hapo asibishe hodi."

Sheria nayo ilisema hivyo hivyo. Eda ya mwenye mimba huisha anapojifungua. Kabla yake, neno moja la mume mbele ya mashahidi wawili linatosha kumrejea mke. Baada yake, mume ni mtu baki, mposaji kama waposaji wengine, na anaweza kukataliwa. Mimba sasa ilikuwa ya miezi minane. Mahfoudh alikwisha azimia kumrejea mkewe, na kwa hesabu yake alikuwa na mwezi mzima.

"Alikuwa na nani?" aliuliza.

"Nitajuaje? Kazungumza kwa kukatakata, kama mtu aliyepanda ngazi. Halafu kakata."

Mahfoudh alijua nani huzungumza vile: mtu mwenye mwengine ubavuni anayemsikiliza.

"Nitampigia nikishamjua aliyeifungua."

"Wivu wako huo utakulaza peke yako."

"Nalala peke yangu mwezi wa tatu huu."

"Si nshakwambia?"

Alichukua boksi tupu la simu, lenye namba ya chombo ubavuni, akaondoka nyumbani Kiembe Samaki na kwenda Darajani kwa mafundi wa simu. Fundi wa kwanza alisema haijui simu ile. Wa pili alilitazama boksi, akamtazama uso, akasema naye haijui, kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi dukani kwake.

Saa kumi kasorobo alimfikia wa tatu, Matar, aliyekuwa akibandua kioo kilichopasuka cha simu ya mteja mmoja, jina lake Mkubwa, aliyekuwa akingoja pembeni. Matar alimwambia angoje. Mahfoudh aliketi kwenye benchi, boksi mapajani. Dakika arubaini zilipita kabla ya fundi kufuta mikono na kulilinganisha boksi na daftari lake.

"Hii hapa. Nimeifungua Jumatatu."

"Nani kaileta?"

"Mwanamme."

Mahfoudh aliliinamia daftari. "Mwanamme gani?"

"Mrefu. Mpole. Ana haraka."

"Kasemaje?"

"Kasema Badria anaitaka siku ile ile. Nyumba anayokaa, mtandao wa mwanzo haushiki mpaka mtu apande darini, naye hawezi kupanda. Na kuna simu anaingojea."

"Simu ya nani?"

"Bwana, mimi nafungua simu. Vifua vya watu sifungui."

Mkubwa alicheka, akauona uso wa Mahfoudh, akaacha.

"Jina lake?"

"Hakuacha jina. Kaacha namba, nimwite ikiwa tayari. Nimeiandika mahala." Matar alipekua kurasa, akarudi nyuma, akapekua tena. Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini na tano alipoiona.

Mahfoudh aliibonyeza tarakimu moja moja. Alipofika ya mwisho, simu yake mwenyewe ilimwandikia jina: Shemeji Majid.

Ndugu yake Badria, tumbo moja.

Alifuta namba kabla haijaita. Aliisoma tena daftarini, tarakimu kwa tarakimu, kisha akasimama, boksi mkononi.

"Matar. Na wewe bwana. Nakuombeni mnishuhudie."

"Jambo gani?" Mkubwa aliuliza.

"Mke wangu Badria, niliyempa talaka moja, nimemrejea katika ndoa yangu."

"Tumeshuhudia," Matar alisema.

"Subhanallah," Mkubwa alisema. "Nimekuja kubadilisha kioo, naondoka shahidi wa ndoa."

Mahfoudh aliandika wakati nyuma ya boksi, kwa mazoea ya kazi yake: saa kumi na moja na dakika tano. Kisha akaipiga namba mpya.

Ilipokewa mara moja, lakini aliyepokea hakusema kitu. Nyuma yake ilisikika sauti ya mwanamme, ya chini, ya taratibu, ya mtu anayenong'ona sikioni mwa mwengine. Mahfoudh alisahau hata salamu.

"Nani huyo mwanamme?"

"Polepole, baba." Ilikuwa sauti ya Bi Mwanamkasi, mama yake Badria.

"Nauliza, nani huyo?"

Sauti ile iliendelea, na sasa maneno yake yalisikika vizuri. Ilikuwa adhana. Mahfoudh aliitazama saa ya ukutani. Alasiri ilikwisha kupita, na Magharibi ilikuwa bado.

"Majid huyo," Bi Mwanamkasi alisema. "Anamwadhinia mwanao. Kazaliwa saa kumi na nusu."