Mti wa Mpakani

Fundi friji alikuwa tawi la tatu, msumeno mkononi, jirani yake, mwalimu mstaafu, alipomrushia kutoka chini ndoo nzima ya maji ya kudekia.

"Shuka!" alifoka Mwalimu. "Mpaka ni huo mti. Ukate uone!"

Fundi akashuka akichuruzika, matusi yamemjaa mdomoni. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Majani yaliziba mifereji ya bati lake, mizizi ilipasua ukuta wa choo, lakini akigusa tawi tu, mjane huyo hutoka mbio kama aliyeungua. Alishamwitia mgambo mara mbili. Alishapaka shina oili chafu ili lisipandike. Siku fundi alipopanga kumwaga chumvi kwenye mizizi, alimkuta Mwalimu kaketi papo hapo kwenye kiti cha plastiki, anafuma. Alikaa hapo mpaka jua likazama.

"Tupunguze matawi tu, ugomvi uishe, baba," mkewe alimsihi.

"Yule ana lake jambo. Naleta mpima ardhi, ajulikane mwenye mti."

Mwalimu aliposikia habari hiyo alikuja mwenyewe hadi dirishani kwa fundi. Aligeuka kwanza kumtazama mwanawe mkubwa, aliyekuja kumtembelea na sasa amesimama ng'ambo ya mti, kisha akashusha sauti.

"Fundi, usipime. Kata matawi ya upande wako yote. Shina tu liache."

"Ahaa! Umebanwa, sivyo?" Fundi alicheka kwa nguvu, jirani wote wasikie.

Jumamosi asubuhi mpima akaja. Alianzia jiwe la mpaka la barabarani, akafuata ramani yake. Mti hata hakuutazama. Aliuacha nyuma, akaingia uwanjani kwa fundi, akapanda baraza, akapita sebuleni, akapita jikoni. Mbele ya chumba cha kulala akainama, akachora mstari wa chaki sakafuni.

"Mpaka ni hapa," alisema.

Fundi akageuka kutazama sebule na jiko, vyote upande wa Mwalimu. Akashika fremu ya mlango.

Mwalimu alikuwa amesimama barazani, hakuvuka kizingiti.

"Ulijua?" fundi aliuliza.

"Tangu mnachimba msingi. Mlikuwa na mtoto mchanga, mimi na marehemu tukanyamaza."

Kando ya mpima, mwana wa Mwalimu alikuwa ameshatoa simu, anaipiga picha ile ramani.

"Huyu," alisema Mwalimu, "hatanyamaza."