Ukuta wa Mwatime

Siku hizi kipaji ni zamu. Kila mtu hupewa mwezi mmoja tu maishani wa kuwa na akili ya wale wanafalsafa wa karne ya kumi na saba, waliomtafuta Mungu ndani ya namba, kisha huirudisha. Zamu ya Mwatime, muuza vitumbua wa Pangani, iliisha Rajabu. Ukuta wa jikoni ulibaki umejaa hesabu zilizoandikwa kwa mkaa, mwandiko wake mwenyewe, wala haelewi hata mstari mmoja.

Sasa Idi imekaribia, na mumewe Mbwana ameshakoroga chokaa.

“Mama Zuhura, nipake?”

“Ngoja kwanza.”

“Ningoje nini? Mwezi ule hata jina la mwanao ulilisahau.”

“Najua. Lakini nilikuwa naona, Mbwana! Utamu wake naukumbuka. Nilichokiona ndicho nisichokikumbuka.”

Mbwana akainama penye mstari wa mwisho, ule pekee ulioandikwa kwa maneno, akausoma kwa sauti:

“Kuanzia hapa ni rahisi, Mwatime. Utamalizia mwenyewe.”

Mwatime akaokota kipande cha mkaa, akasimama nacho mbele ya ukuta mpaka muhogo wa futari ukaungua.