Kijiko Kimoja kwa Ndoo

Chandulal alipanda milima ya Mgeta kwa bodaboda, kiuno kikimuuma, akiwa na hofu kwamba ameshiriki kuua watu.

Dukani kwake Morogoro mjini aliuza viungo, pamoja na benzoeti, ule unga mweupe unaozuia sosi isichache. Mnunuzi wa unga huo alibaki mmoja tu: Yuliana, mjane wa milimani, aliyesema anatengeneza sosi ya pilipili. Bhavesh, mwanawe aliyeko Kanada, alimwambia kwenye simu, "Baba, achana na bidhaa isiyotoka." Mzee akajifanya hasikii vizuri.

Kila mwezi Yuliana alikuja.

"Shikamoo, mzee. Kumbe bado mzima?"

"Marahaba. Nikifa nani atakuuzia?"

Hapo atakaa kwenye benchi, atakunywa chai ya tangawizi, kisha atauliza upya namna ya kuutumia ule unga. Chandulal alieleza kwa furaha ileile: kijiko kimoja cha chai kwa ndoo ndogo, ukoroge kwanza kwenye maji ya moto, utie sosi ikikaribia kuiva. Mama akishaondoka, duka lilikuwa kimya hadi mwezi mwingine. Tusifichane, upweke ulimtafuna yule mzee.

Juzi, akimfungia mfuko wa unga kwa uzi mwekundu wa dukani kwake, ndipo akili ilipomjia. Lahaula! Mfuko mmoja unatosha sosi ya mwaka mzima. Huyu mama anaumwaga kama chumvi? Ukizidi, unga huu unadhuru. Na hiyo sosi, mbona hajawahi kumwonjesha?

"Imeisha yote, mzee. Watu wanaigombania," ndilo lilikuwa jibu lake siku zote.

Chandulal akakosa raha. Akimwambia, ataona haya, hatakanyaga tena dukani. Akinyamaza, kuna mtoto wa mtu ataumia. Basi, bora ampoteze mgeni wake.

Huko Mgeta alimkuta Yuliana shambani anang'oa karoti.

"Mzee! Umefuata nini huku?"

"Nionyeshe unapopikia sosi."

Yuliana aliinamisha kichwa. Akafuta mikono kwenye kanga, akatangulia, akafungua mlango wa jiko.

Hapakuwa na chupa wala pilipili. Juu ya mafiga, kwenye ubao uliojaa masizi, mifuko ilikuwa imepangwa kwa mstari, ya zamani hadi ya juzi. Kila mmoja ulikuwa na uzi mwekundu, na fundo lake Chandulal halijaguswa.