Sidonie na Choo cha Soko

Sidonie alimsukuma mumewe mpaka mbele ya meza ya sista wa zahanati.

"Mupime huyu. Ndiyo iko naniletea ugonjwa."

Kamisi alitazama sakafu. Wiki nzima Sidonie alikuwa amemlaza jikoni pamoja na mbuzi, na leo mkewe ameapa: asipotaja mwanamke wake, yeye anavuka mpaka, anarudi kwao Zaire na watoto.

Sista Viktoria aliinua chupa ya mkojo kwenye mwanga wa dirisha. Mkojo ulikuwa mzito kama maji ya kulowekea muhogo. Inzi mmoja alisogea, akanusa, akabadili mawazo.

"Umerudi tena, mama. Inaunguza?"

"Kama pilipili. Nameza dawa, napona, mwezi haiishi, inarudi. Si huyu na malaya yake?"

"Wacha mume yako. Mwanamke njia yake ya mkojo ni fupi, wadudu wanafika kwa kibofu upesi. Unakunywa maji?"

"Nikunywe, halafu nikojoe wapi?"

"Soko ya Koboko iko na choo."

Sidonie alitema mate nje ya dirisha. "Ile? Mavi imepanda mpaka kwa ukuta. Vigunzi ya kujipangusa imejaa chini, mabuu inapanda mguu ya mutu kama ni ndugu yake. Kutoka asubuhi nakaa hapo kwa mlango, naona watu inaingia na kubana pua, inatoka na kutapika. Mimi nabana mkojo mpaka jioni, nikojoe kwangu."

"Kila siku?"

"Kila siku. Bora nife."

"Na utakufa kweli. Mkojo ikikaa, wadudu inazaa humo. Ikipanda kwa figo, tutakuzika. Mume yako hana kosa."

Kamisi aliinua kichwa. Shingo yake ilikuwa kama imerefuka.

Sista naye alikuwa amekwisha kuchemka. Akachukua kalamu. "Na huyo mvivu wa kuosha choo, anakula mshahara ya bure, anaua watu. Leo nampelekea mkubwa wa soko jina lake, amfukuze. Anaitwa nani?"

Sidonie akaanza kuchunguza kucha zake.

"Mama, nakuuliza. Unakaa pale kila siku, huwezi kukosa kumjua."

Sidonie akahamia kucha za mkono wa pili.

Kamisi akakohoa kwa adabu.

"Andika tu mke ya Kamisi, sista."